Paka Wawili wa Alisi: Raha Ndogo na Usomaji wa Fantasia

Utangulizi

Ukitaka kuchekwa katika semina ya fasihi, inua mkono useme unataka kuandika kuhusu paka. Mimi nilichekwa. Tulikuwa tunagawana mada za insha za mwisho wa muhula. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuchukua ukombozi wa mwanamke, migongano ya kitabaka na uongozi mbaya, na jamaa mmoja alikuwa amejitwalia Kezilahabi mzima mzima, Nagona (1990) na Mzingile (1991) kwa mpigo. Zamu yangu ilipofika nikasema: nafasi ya paka katika hadithi ya Alisi. Darasa likaangua kicheko, na mmoja aliyekaa nyuma akalia nyau. Kicheko kilipokwisha likaja lile swali ambalo kila mwanafunzi wa fasihi analijua kama anavyojua jina lake: "Sasa hapo dhamira ni nini?"

Makala haya ni jibu la swali hilo, japo limechelewa. Hoja yangu ni kwamba katika kazi hii ya fantasia raha ndogo za nyumbani, yaani kumpenda paka, kusimuliana hadithi na kucheza mchezo pamoja, si pambo la pembeni. Ndizo zinazokishikilia kisa kizima. Lakini nitaonyesha pia upande ambao sisi wapenda raha hizo hatupendi kuusikia: kwamba raha ya mtu inaweza kumfukuza mwenzake chumbani, naye mwenye raha asitambue lolote. Upande huu wa pili sikuupata maktaba. Niliupata bwenini, na nitaueleza mahali pake.

Chanzo cha kitabu

Kwa faida ya msomaji ambaye hajakutana na kitabu hiki, nianze na asili yake, maana asili yenyewe ni sehemu ya hoja.

Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church huko Oxford, pamoja na rafiki yake Robinson Duckworth, walipiga makasia mtoni kuelekea Godstow. Katika mashua walikuwa na watoto watatu wa kike wa Henry Liddell, mkuu wa chuo hicho hicho: Lorina, Alice na Edith. Watoto ni watoto, wakaomba hadithi. Dodgson akaanza kuwatungia papo hapo kisa cha mtoto aliyemfuata sungura shimoni. Alice, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10, akaomba aandikiwe. Ikachukua muda, lakini Novemba 1864 alikabidhiwa zawadi ya Krismasi: daftari lililoandikwa kwa mkono na kuchorwa picha na Dodgson mwenyewe. Mwaka 1865 kikachapwa kitabu, kirefu kuliko daftari lile kwa mbali, kikiwa na picha 42 za John Tenniel na jina la mwandishi likiwa Lewis Carroll. Mwendelezo wake, ule ambamo Alisi anapenya kwenye kioo, ulitoka mwishoni mwa 1871.

Kwetu sisi wa Kiswahili kitabu si kigeni hata kidogo. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan Davies, na picha zake zikachorwa upya ili Elisi awe mtoto wa Kiafrika. Miaka 75 baadaye, yaani 2015, Ida Hadjivayanis akatupa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Huyu ndiye aliyekuja kuifasiri pia riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi (2022). Hebu tazama vichwa hivyo viwili. Elisi wa 1940 yuko "katika" nchi, kama mtu aliye katika safari. Alisi wa 2015 yuko "ndani ya" nchi, kama mtu aliyemezwa. Katika makala haya nitatumia jina Alisi kwa mhusika, na Alice kwa mtoto aliyekuwa mashuani.

Ninachotaka msomaji akishike ni hiki. Siku ile hakuna aliyekaa mezani kuandika "kazi ya fasihi". Palikuwa na makasia, chai kando ya mto, watu wazima wawili na watoto watatu waliochoka kukaa kimya. Fantasia hii ilizaliwa na burudani ya pamoja. Na kisa chenyewe kinaanza kwa Alisi kuchoshwa na kitabu anachosoma dada yake, kitabu kisicho na picha wala mazungumzo. Kinaishia kwa dada huyo huyo kuwaza kwamba siku moja Alisi atakuwa mtu mzima, akiwazunguka watoto wengine na kuwasimulia. Kwa hiyo mwanzo ni mtu anayesoma peke yake pembeni ya mwenzake, na mwisho ni kusimuliana. Mhakiki anayesema hapa hakuna muundo atazame tena.

Paka wa kwanza: Dinah

Dinah hakubuniwa. Lilikuwa jina la paka wa familia ya Liddell. Katika kitabu cha kwanza, hata hivyo, Dinah hatokei hata mara moja. Tunamjua kwa kuwa Alisi hawezi kuacha kumtaja.

Alisi anaporomoka katika shimo lisilo na mwisho. Mtu mwingine angelia au angesali. Yeye anawaza kwamba Dinah atamkosa sana usiku huo, na anatumaini watu wa nyumbani hawatasahau kisahani chake cha maziwa saa ya chai. Usingizi unapoanza kumchukua humo hewani anajiuliza kama paka hula popo, au popo hula paka. Kwa Kiingereza mchezo huu unategemea kina, kwa sababu maneno hayo mawili yanaishia kwa sauti moja. Kiswahili hakina kina hicho, lakini kina bahati yake: paka na popo yana silabi mbili mbili na yanaanza kwa herufi moja. Ukiyarudia harakaharaka ukiwa na usingizi, ulimi unateleza vilevile. Kumbe yapo mambo ambayo lugha yetu inajipatia bila kuhangaika.

Kisahani cha maziwa ni kitu kidogo mno. Lakini ndicho kinachomwambia msomaji kwamba huko juu kuna nyumba, kuna saa ya chai, kuna anayemngoja mtu. Bila Dinah, shimo ni shimo tu. Kwa kuwa Dinah yupo, shimo limekuwa umbali kutoka nyumbani. Wanaosema fantasia ni kukimbia uhalisia wasimame hapa kidogo. Alisi hajamaliza hata kuanguka, naye amekwisha kukumbuka nyumbani.

Sasa tumlinganishe na mtu wa kwetu. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anatupa nyumba yenye wanyama wa ajabu. Adili, liwali wa Janibu, anafuga manyani wawili. Kila usiku anawachapa, kisha anawalisha vizuri, naye mwenyewe analia. Mfalme Rai anamwita ajieleze, na ndipo tunapojua kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na Huria wa majinni kwa uovu waliomtendea. Mwishoni wanarudishiwa ubinadamu wao.

Katika kitabu cha pili cha Carroll mwendo ni wa kinyume kabisa. Alisi anacheza na mtoto mweusi wa Dinah kando ya meko, anamuuliza kama anajua kucheza sataranji, anamwambia ajifanye Malkia Mwekundu. Anapenya kwenye kioo, anakutana na malkia huyo mwenyewe. Mwishoni anamkamata na kumtikisa, na akiendelea kumtikisa, malkia anazidi kuwa mdogo, laini na mnene, mpaka anakuwa mtoto wa paka. Kwa Shaaban Robert, ukimvua mnyama ngozi unamkuta mtu mwenye hatia. Kwa Carroll, ukimvua malkia taji unamkuta paka wa nyumbani. Sisemi mmoja ni bora kuliko mwingine. Nasema tumezoea mno njia ya kwanza. Tumezoea mnyama awe fumbo, abebe funzo mgongoni kama punda. Dinah hakubeba chochote. Yeye ni paka, anapendwa, basi. Na mwanafunzi aliyefundishwa kusaka fumbo kila mahali atapita juu yake bila kumwona.

Waliofukuzwa na Dinah

Hata hivyo Carroll si mjinga wa mapenzi. Anajua kwamba upendo wa Alisi kwa paka wake una makali, na anayaonyesha mara mbili.

Mara ya kwanza ni katika dimbwi la machozi. Alisi amekuwa mdogo sana, anaogelea katika machozi yake mwenyewe, anakutana na Panya. Anajaribu kumsemesha, na Panya hajibu. Alisi anadhani labda ni Panya wa Kifaransa, kwa hiyo anatumia sentensi ya kwanza ya kitabu chake cha somo la Kifaransa. Ati sentensi yenyewe inauliza paka wangu yuko wapi! Panya anaruka majini kwa hofu. Alisi anaomba radhi, na papo hapo, katika kuomba radhi, anaanza kumsifu Dinah: jinsi alivyo mtulivu, anavyojilamba makucha kando ya moto, alivyo hodari wa kukamata panya. Anamsimulia nani? Panya!

Mara ya pili ni nchi kavu. Ndege na wanyama wamekauka baada ya zile mbio ambazo kila mmoja alipewa zawadi. Panya anaahidi kusimulia kisa chake, na hapo mna mchezo wa maneno unaomtoa jasho kila mfasiri, kwa kuwa katika Kiingereza neno la kisa na neno la mkia hutamkwa sawa. Alisi anasikiliza vibaya, Panya anaondoka kwa hasira. Alisi anasema kwa sauti kwamba laiti Dinah angekuwepo, angemrudisha upesi. Kasuku anauliza kwa adabu huyo Dinah ni nani, ikiwa swali linaruhusiwa. Alisi anajibu kwa furaha, maana hajapata kuchoka kumzungumzia: ni paka wetu, hodari kwa panya, na ungemwona anavyowinda ndege! Jamani. Ndege wanaanza kuaga mmoja mmoja. Huyu usiku unaingia, koo lake halipendi baridi. Yule watoto wake wamechelewa kulala. Dakika chache tu, na Alisi amebaki peke yake, analia.

Sasa kumbuka mashua. Ndege hao si ndege wa hivi hivi. Dodo ni Dodgson mwenyewe. Bata ni Duckworth, ambaye jina lake la Kiingereza linaanza na neno la bata. Kasuku ni Lorina, na mtoto wa tai ni Edith. Ni wasafiri wale wale wa tarehe 4 Julai. Mtunzi amewachukua watu walioifurahia pamoja siku moja, akawatia katika kisa, halafu akaonyesha jinsi furaha ya mmoja wao inavyoweza kuwatawanya wote. Hakuna aliyemtukana Alisi. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Kila mmoja alitoa udhuru mzuri akaondoka. Mimi hapa naona ukali wa kuangalia watu ambao riwaya nyingi za kihalisia hazijaufikia.

Paka wa pili: yule wa Cheshire

Msomaji mwingi akisikia paka na Alisi katika sentensi moja, anamkumbuka yule wa mti, Paka wa Cheshire, mwenye tabasamu linalobaki baada ya mwili kutoweka. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Paka huyo hayumo katika daftari la 1864. Dinah yumo, dimbwi la machozi limo, ndege waliokimbia wamo. Paka wa Cheshire aliongezwa kitabu kilipokuwa kinaandaliwa kuchapwa.

Kwa nini? Wahakiki wanaweza kutoa sababu zao. Mimi nina ya kwangu, na naitoa kama tafsiri tu. Daftari liliandikwa kwa mtoto mmoja ambaye nyumbani kwake tayari alikuwa na paka. Akisoma jina la Dinah, angeweza kumwona Dinah mwenyewe kwenye zulia. Kitabu cha 1865 kilikuwa kinakwenda kwa watu ambao hawakumjua Dinah na wengine hawakuwa na paka kabisa. Hao walihitaji paka aliyemo ndani ya kitabu, anayeonekana, anayejibu.

Na hebu angalia kazi anayopewa. Katika nchi ile kila mtu anamkaripia Alisi, anamsahihisha, anamwamuru akariri mashairi. Paka wa Cheshire peke yake anaongea naye kama mtu na mwenzake. Alisi anamuuliza njia, naye anamwambia hilo linategemea anataka kwenda wapi. Anamuuliza kuhusu yule mtoto mchanga aliyegeuka nguruwe, kama mtu anayeuliza habari za jirani. Baadaye, katika uwanja wa mchezo wa Malkia, pamejaa kelele na amri za kukatwa vichwa. Alisi anaona tabasamu linaanza kutokea hewani, naye anafurahi kwa sababu sasa atapata wa kuzungumza naye. Anangoja kwanza masikio yatokee, kwa kuwa hakuna maana ya kusema na asiye na masikio. Ni mzaha, lakini ndani yake mna kanuni nzima ya urafiki. Dinah alikuwa wa kuzungumziwa. Paka wa Cheshire ni wa kuzungumza naye. Alisi aliyewafukuza ndege kwa maneno yake sasa anangoja masikio ya mwenzake kabla hajafungua kinywa.

Sisi na Shume

Hapa naomba ruhusa ya kuacha kitabu kidogo.

Tulikuwa wasichana watano wa bweni moja. Nakala ya Alisi ilikuwa moja, na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake aimalize kwanza, tuliamua kuisoma kwa sauti, kila mtu ukurasa wake, Ijumaa baada ya chakula cha usiku. Wawili walikuwa wakifuma vitambaa huku wanasikiliza. Mwingine alileta karanga. Umeme ukikatika tuliwasha mshumaa, na kusema kweli usomaji ulinoga zaidi. Tulikwenda polepole, kwa kuwa tulicheka sana na kubishana zaidi.

Paka alijileta mwenyewe. Dume la rangi ya majivu, sikio moja limechanika kwa ugomvi wa zamani, tukamwita Shume. Usiku wa kwanza alikaa dirishani. Wa pili alikuwa kitandani, na wote tulikuwa tunampigania nani ampakate. Tulimwekea vichwa vya dagaa. Tulimsifu mpaka basi. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na sisi tuliona Shume amekwisha kuwa wa nyumba.

Mwenzetu mmoja Ijumaa ya kwanza alikuja, ya pili akakaa karibu na mlango, ya tatu na ya nne hakuonekana. Tulimuuliza, akasema ana jaribio la kusomea. Tukamuuliza tena, akasema kichwa kinamuuma. Tukasema pembeni, ah, huyu naye kaanza maringo.

Ijumaa hiyo ya nne tulikuwa tumefika mahali pale ambapo ndege wanaaga mmoja mmoja. Aliyekuwa anasoma akafika kwenye ule udhuru wa koo na baridi, akasimama. Akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akatuuliza, "Hivi mwenzetu huwa anakohoa usiku?" Hakuna aliyejibu. Shume alikuwa mapajani mwangu, anakoroma kwa raha zake.

Tulimwendea usiku ule ule. Ana pumu tangu utotoni, na manyoya ya paka humfunga kifua. Tukamwambia, sasa mbona hukusema? Akajibu, "Shoga, ninyi mlikuwa mnamsifia paka wenu vile, mimi ningeanzia wapi?"

Sijapata kusikia uhakiki wa sura ile mfupi na kamili kuliko huo.

Tangu hapo tulisomea nje, barazani, upepo ukipita. Yeye upande mmoja karibu na msomaji, Shume upande wa pili kwenye ngazi, na sheria ilikuwa kwamba atakayempakata Shume anawe mikono na kubadili kanga kabla ya kumkaribia mwenzetu. Tulikimaliza kitabu hivyo, wote watano. Tuliporudi kutoka likizo Shume hakuwepo. Tulimuuliza mlinzi, akasema hajamwona siku nyingi. Mwenzetu mwenye pumu ndiye aliyeniuliza wa kwanza, "Paka wetu kaenda wapi?" Alisema wetu.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba hii ni hadithi ya mtoto wa tabaka la juu la Uingereza ya karne ya 19, mtoto ambaye paka wake ana kisahani cha maziwa wakati watoto wa mitaa ya London hawana mkate. Ni kweli, na sikatai. Lakini mapenzi ya paka si mali ya mabwanyenye. Paka wa Lamu na Unguja wanalala barazani kwa watu wa hali zote. Waislamu wanamkumbuka Abu Huraira, sahaba aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kijipaka chake. Bibi anayemtupia paka kichwa cha samaki hakuomba ruhusa ya tabaka lolote.

Pili, watasema fantasia haina la kusema kuhusu jamii. Wenye hoja hii wamwulize Shaaban Robert. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea hewani, lakini mashtaka ya Waziri Majivuno dhidi ya Karama ni mashtaka tunayoyajua hapa chini ardhini. Alisi naye anaishia mahakamani, ambako Malkia anataka adhabu itangulie na hukumu ifuate, na mtoto anasimama na kuwaambia wao ni karata tu. Paka wa Cheshire mwenyewe anakataa kuubusu mkono wa Mfalme. Ukaamriwa akatwe kichwa, na mkataji akagoma kwa hoja kwamba huwezi kukata kichwa pasipokuwa na mwili wa kukikata kutoka kwake. Ukitaka siasa, imejaa.

Ila mimi sitaki kuishia hapo, na hili ndilo ninalobishana na baadhi ya walimu wangu kwa heshima zote. Sitaki kumpa paka kitambulisho cha siasa ndipo aruhusiwe kuingia darasani. Tukisema Alisi inafaa kwa sababu tu inapinga udikteta, tutakuwa tumekubali kwamba kisahani cha maziwa hakifai. Nami nasema kinafaa. Watu wanaopigania maisha bora wanapigania nini, kama si jioni ambayo watu wanakaa pamoja, mmoja anasoma, mwingine anafuma, karanga zinapita mkono kwa mkono na paka analala? Fasihi inayojua kueleza dhuluma bila kujua kueleza jioni hiyo imeandika nusu ya habari.

Hitimisho

Dhamira ni nini, basi? Nitajibu kama inavyotakiwa katika mtihani. Dhamira ni kwamba raha ndogo zinamshikilia mtu asipotee hata akiwa katika nchi isiyoeleweka. Na dhamira ndogondogo ni kwamba raha haiwi ya pamoja kwa sababu tu mwenye nayo anaisema kwa sauti mbele ya wengine. Inakuwa ya pamoja pale mtu anapongoja masikio ya mwenzake yatokee, na anapomtazama aliyekaa karibu na mlango.

Kitabu kipo maktaba, tafsiri zote mbili zinaweza kutafutwa, na anayeweza azisome zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu. Asisome peke yake. Atafute wenzake wanne, na kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza aulize kama kuna mwenye pumu. Mwenye hoja tofauti alete, uwanja u wazi. Na yule bwana aliyelia nyau siku ile, nafasi barazani bado ipo.